Tesón, Empeño na Porfía: Uteuzi wa Nomino kama Hukumu

Aghalabu kamusi za Kihispania hueleza nomino tesón, empeño na porfía kwa maana zinazokaribiana: kushikilia jambo bila kulegea. Hoja yetu ni kwamba mwandishi anayeteua mojawapo huwa amekwisha kumhukumu mhusika wake, na mfasiri asiyeitambua hukumu hiyo huipotosha kazi.

Tesón latokana na neno la Kilatini tensio, yaani hali ya kukazika. Kwa kawaida ni neno la sifa. Porfía, kwa upande wake, chimbuko lake ni perfidia, yaani ukosefu wa uaminifu. Hubeba ubishi wa mtu asiyekubali kushindwa. Empeño ndilo gumu zaidi. Ni ari na azma, lakini pia ni rehani. Mwenye empeño ni kama aliyeweka heshima yake rehani, asiweze kurudi nyuma bila hasara.

Tuchukue mathalani tamthilia ya Sor Juana Inés de la Cruz, Los empeños de una casa, iliyoigizwa Meksiko mwaka 1683. Humo Doña Leonor anajikuta nyumbani kwa Don Pedro, mwanamume anayemtaka ilhali yeye ampenda mwingine. Kufasiri empeños hapa kwa 'ustahimilivu' ni kufuta hila, ahadi na madeni ya heshima yanayowafunga wahusika. Kiswahili kina ukakamavu, ushupavu na ukaidi, ila hakuna hata moja linalobeba rehani. Hivyo basi, kabla ya kuteua neno, mfasiri hana budi kujiuliza: mhusika huyu anasifiwa, analaumiwa au anadaiwa?