Mkazamwana na Mgeni wa Jioni: Sanaa ya Wanawake wa Nyanza Kusini na Swala la Kupokelewa

Tahakiki nyingi zinazohusu mawasiliano ya wasanii wanawake wa tamaduni mbalimbali huanzia kwenye kongamano na kuishia kwenye diwani. Kwa Afrika Mashariki, mifano inayotajwa aghalabu ni chama cha FEMRITE kilichozinduliwa Kampala mwaka 1996, na juzuu ya Afrika Mashariki ya Women Writing Africa (2007), iliyohaririwa na Amandina Lihamba, Fulata L. Moyo, M. M. Mulokozi, Naomi L. Shitemi na Saïda Yahya-Othman. Juzuu hiyo iliweka katika jalada moja maandishi, nyimbo na masimulizi ya wanawake wa Kenya, Malawi, Tanzania, Uganda na Zambia, na thamani yake haina ubishi. Hata hivyo, mkabala unaoanzia hapo hubeba dhana moja ambayo haijahojiwa vya kutosha, nayo ni kwamba kabla ya kitabu na kongamano kila mwanamke msanii alikaa ndani ya utamaduni mmoja akiwa na hadhira moja, akingoja aje mtu wa kumwunganisha na wenzake. Makala haya yanadai kuwa dhana hiyo haina mashiko katika nchi inayozunguka Masara, baina ya Migori na Homa Bay. Huko, kuvuka mpaka wa utamaduni ndiko kulikuwa sharti la kwanza la mwanamke kuwa msanii.

Suna, upande iliko Masara, ni mahali ambapo Kijaluo, Kisuba, Kikuria na Kigusii hukutana kwa umbali wa safari fupi, na Tanzania haiko mbali. Wasuna wenyewe, kama walivyo majirani zao wa Gwassi na wa visiwa vya Rusinga na Mfangano, wana asili ya Kibantu, lakini katika muda wa vizazi vichache walio wengi wamekuwa wasemaji wa Kijaluo. Miongoni mwa sababu zinazotajwa ni ndoa: wanaume wa Kisuba waliwaoa wanawake wa Kijaluo, na watoto wakafuata lugha ya mama. Historia ya nchi hii imeandikwa hasa kwa mfuatano wa koo za baba, na kazi kuu ya aina hiyo ni History of the Southern Luo ya Bethwell A. Ogot (1967). Lakini lugha haikufuata ukoo wa baba. Iliingia kwa mlango wa jikoni, katika bembelezi na vitendawili na hadithi za usiku, na walioileta walikuwa watu wasio na nafasi katika orodha za mababu.

Kanuni ya Wajaluo ya kutooana ndani ya ukoo ndiyo chanzo cha jambo hili. Kila mke wa boma ametoka kwingine, na jina analoitwa halimsahaulishi: ni nyar fulani, binti wa Gem, wa Asembo, wa Kisii, hata akiwa bibi mwenye wajukuu. Tuuweke utaratibu huu wa majina kando ya ule wa vyungu. Utafiti wa Ingrid Herbich kuhusu wafinyanzi wa Kijaluo, uliochapishwa mwaka 1987 na kufanywa upande wa kaskazini wa Ghuba ya Winam, ulionyesha kuwa aghalabu mwanamke hujifunza ufinyanzi baada ya kuolewa, akifundishwa na mama mkwe au wake wenza. Hata yule aliyekuja na ujuzi wa kwao hulazimika kuufuata mtindo wa wafinyanzi aliowakuta: umbo la shingo, mahali pa nakshi, namna ya kuichora. Kwa hiyo mwanamke huyo mmoja hubeba ishara mbili zinazopingana. Jina lake linasema alikotoka, na chungu chake kinasema alikoolewa. Mhakiki anayetafuta mawasiliano ya tamaduni katika sanaa ya wanawake hawi na haja ya kwenda mbali na hapa, ila asiharakishe kuyaita mawasiliano hayo ushirikiano. Mama mkwe anafundisha, naam, lakini pia anafuta. Mchoro wa kwao mkazamwana huingia katika chungu cha ugenini kidogokidogo, kwa wizi mtu anaweza kusema, na pengine hauingii kamwe.

Upande wa fasihi simulizi, mahali pa kulinganisha na tanuri ni siwindhe, nyumba ya bibi walimolala wasichana na watoto wadogo na kufundishwa sigana, yaani ngano. David William Cohen, katika makala yake ya mwaka 1985 kuhusu mlango wa pim, alimweka katikati ya historia ya jamii mwanamke mzee aliyekuwa mlezi wa siwindhe. Jambo la kuzingatiwa katika maelezo yake ni kwamba aghalabu pim alikuwa mtu wa kuja. Hakuwa wa damu ya ukoo aliokuwa akiwalea watoto wake, na ujuzi aliowapa kuhusu watu wa mbali, ndoa, njaa na mienendo ya ulimwengu ulitoka nje ya boma. Inafuata kwamba ngano ambazo vitabu vya shule huziita ngano za jamii fulani zilipitishwa na watambaji waliokuwa wageni katika jamii hiyo hiyo. Jambo hili likikubaliwa, usomaji wa baadhi ya visa maarufu vya Homa Bay hauna budi kubadilika.

Visa viwili vinatosha. Cha kwanza ni kisa cha Simbi Nyaima, ziwa dogo la magadi lililo katika shimo la volkano karibu na Kendu Bay. Bibi kizee mgeni anafika kijijini jioni, watu wako kwenye pombe, anaomba kupokelewa, anafukuzwa. Mwanamke mmoja tu anamkirimu, naye ndiye anayeonywa aondoke. Usiku mvua inanyesha na kijiji kinazama; jina lenyewe ni Simbi iliyozama. Cha pili ni kisa cha Nyamgodho wuod Ombare wa Gwassi. Mvuvi maskini anamvua bibi kizee katika mtego wake wa samaki, anamchukua nyumbani, na kuanzia siku hiyo ng'ombe wanajaa zizini na wake wanaongezeka. Halafu Nyamgodho anarudi usiku mmoja amelewa na kumsimanga yule bibi kwamba alimwokota ziwani. Bibi anaondoka, mifugo yote inamfuata na kuingia majini, na mwanamume anabaki ukingoni ameegemea fimbo hadi akageuka mti.

Usomaji uliozoeleka, hasa madarasani, huona hapa maadili ya ukarimu na onyo dhidi ya ulevi. Usomaji huo si kosa, ila unakirejesha kisa mikononi mwa mwenye nyumba, kana kwamba swali ni namna gani mwenyeji awe mtu mwema. Kikisikilizwa kutoka siwindhe, kisa kina mwelekeo mwingine. Mtambaji ni mwanamke wa kuja, na mhusika mwenye nguvu ni mwanamke wa kuja. Utajiri wa boma haukuwa wa boma. Uliingia na mgeni na unatoka naye. Katika kisa cha Nyamgodho neno linalovunja kila kitu si pigo wala talaka. Ni kumkumbusha mtu alikotokea kwa nia ya kumdunisha, na hilo ndilo neno ambalo kila mkazamwana aliliogopa, kwa kuwa asili yake ilikuwa imo tayari katika jina aliloitwa kila siku. Si ajabu kwamba kisa hiki kimeshika mizizi Gwassi, mahali ambapo watu wa asili ya Kisuba walipokea lugha nzima kutoka kwa wake zao.

Pingamizi linaweza kutolewa kwamba usomaji huu unampa mtambaji uhuru ambao hakuwa nao, kwa maana wanaume pia walivitamba visa hivi na wanavitamba hadi leo. Pingamizi hilo lina nguvu kwa kiasi. Hakuna anayedai kuwa visa hivi ni siri ya wanawake. Linalodaiwa ni dogo zaidi: kwamba muundo wa visa, ambamo mgeni wa kike ndiye mizani ya kumpimia mwenyeji, unaeleweka vizuri zaidi tukijua ni nani waliokuwa wakiwalaza watoto.

Grace Ogot (1930–2015), ambaye ameeleza kuwa baadhi ya hadithi zake alizisikia kwa bibi yake, aliirithi mizani hiyo akaigeuza. Katika The Promised Land (1966), Nyapol, mke aliyeolewa punde, analazimika kumfuata mumewe Ochola hadi Tanganyika, ng'ambo ya mpaka ambao Masara imeupa mgongo. Hajamaliza kujifunza kuwa mtu wa boma moja kabla hajapelekwa kuwa mgeni mara ya pili. Wahakiki wameijadili sana riwaya hii kwa upande wa uchawi na ugonjwa wa Ochola. Huenda wangefaidika zaidi kwa kuutazama ukimya wa Nyapol, ambao ni ukimya wa mtu aliyekwisha kuijua bei ya kuhama na kuona kwamba hakuna anayemwuliza.

Ni katika Miaha (1983), riwaya aliyoiandika kwa Kijaluo, ambapo Ogot anamtoa mkazamwana kwenye ukimya. Watu wa kijiji wanaishi chini ya agizo la Mungu kuhusu jembe linalolima lenyewe. Nyawir, bibi arusi, analivunja agizo hilo kwa kulima kwa mikono yake, na tangu hapo kazi inakuwa sehemu ya maisha ya binadamu. Tafsiri ya Kiingereza ya Okoth Okombo ilitoka mwaka 1989 kwa jina The Strange Bride, na hapo pana neno la kuzozaniwa. Miaha ni bibi arusi, basi. Kivumishi cha ugeni na ajabu kimeongezwa na tafsiri. Inawezekana kutetea nyongeza hiyo kwamba inamwandaa msomaji wa nje, lakini gharama yake ni kubwa: inauweka ugeni ndani ya tabia ya Nyawir, ilhali katika Kijaluo ugeni umo katika nafasi ya kila bibi arusi. Msomaji wa Kijaluo anakutana na mke yeyote anayefanya jambo lisilo la kawaida. Msomaji wa Kiingereza anakutana na mke asiye wa kawaida. Tafsiri imefanya lile alilofanya Nyamgodho usiku ule, ingawa bila ulevi.

Marjorie Oludhe Macgoye (1928–2015) aliufikia mlango huo huo kutoka upande usiotarajiwa. Alizaliwa Southampton, akaja Kenya mwaka 1954 kufanya kazi ya vitabu ya kimisheni, akaolewa katika jamii ya Wajaluo. Mkusanyiko wake wa mashairi wa mwaka 1977 unaitwa Song of Nyarloka. Nyarloka ni binti wa ng'ambo. Anayelisikia jina hilo kwa masikio ya Ulaya atadhani ni tangazo la upekee, mzungu akijitaja kuwa mzungu. Kwa kanuni ya majina iliyoelezwa hapo juu, ni kinyume chake. Kujiita nyar mahali fulani ni kuchukua nafasi iliyo ya kila mke wa boma. Ng'ambo ya bahari inakuwa mahali pamoja na Gem na Kisii. Ujasiri wa jina hilo umo katika ukawaida wake. Riwaya yake Coming to Birth (1986), iliyopata Tuzo ya Sinclair, ina sehemu zenye kulegea, hasa pale matukio ya siasa za Kenya yanapopangwa kando ya maisha ya Paulina kama kalenda. Inakaza pale Paulina anapojifunza kazi za mikono na kwenda kuwafundisha wanawake wengine, kwa sababu hapo Macgoye anaandika juu ya uhusiano ambao yeye mwenyewe aliingia kwao: mwanamke anampa mwingine ujuzi, na pamoja na ujuzi huo mamlaka fulani juu yake.

Swala la mamlaka hayo halikuisha na mama mkwe. Mwaka 2014 kampuni ya Honest Jon's ya London ilitoa Rang'ala, santuri ya Ogoya Nengo na kundi la wanawake wa dodo kutoka Siaya, iliyorekodiwa na wanamuziki wa Kijerumani. Sauti ni za hali ya juu, na waliorekodi wamejizuia kwa adabu wasijichanganye na wimbo. Lakini dodo ni wimbo wa karamuni unaowataja watu kwa majina na kwa kwao, na msikilizaji wa London hawezi kujua nani anasifiwa na nani anasimangwa. Jina la mahali limepanda juu ya jalada; majina ya watu yamebaki ndani ya wimbo, katika lugha isiyofuatana naye. Mgeni safari hii ni msikilizaji, naye amepewa kigoda bila kuulizwa yeye ni nyar wapi.