Mguu Mwepesi Kwenye Lami Iliyolowa

Mvua imelichafulia jina gari la spoti linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Masika yakikaribia, watu wenye nia njema humshauri mwenye gari hilo aliache nyumbani, au aliuze anunue la kusukumwa na magurudumu yote manne. Nawaelewa, ila sikubaliani nao. Kuliendesha gari lenye nguvu nyingi nyuma juu ya lami iliyolowa, likafika salama na abiria wasijue kama palikuwa na kazi yoyote, ni ufundi kamili, na kwangu ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa ambayo mwili wa binadamu unaweza kujifunza.

Kila tairi hugusa ardhi kwa eneo lisilozidi sana kiganja cha mtu mzima. Mshiko wote wa gari unatoka hapo, na mshiko huo ni mfuko mmoja wa fedha: breki huchota humo, kona huchota humo, mafuta nayo huchota humohumo. Mvua hupunguza kilichomo mfukoni bila kushusha bei ya chochote. Tena kona ina bei kali, kwani mwendo ukiongezeka mara mbili, yenyewe hudai mara nne. Katika gari la aina hii, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayobanwa zaidi, kwa sababu yanalishikilia gari lisichomoke kwenye kona na wakati huohuo yanalisukuma. Ukikanyaga mafuta kwa pupa katikati ya kona, fedha yote huishia kwenye kusukuma, mkia ukatoka nje.

Ndiyo maana ufundi wote unaanzia mguuni. Dereva aliyeiva humaliza breki gari likiwa bado limenyooka, huingia kona kwa mwendo ambao hautamlazimu kuubadilisha tena, kisha huyarudishia magurudumu nguvu kidogo kidogo kadiri usukani unavyonyooka. Kwenye maji hupanda gia mapema, maana gia ya tatu huyapa magurudumu msukumo mdogo kuliko ya pili. Akishuka gia, huchochea injini kidogo kabla ya kuachia klachi ili magurudumu ya nyuma yasikabwe ghafla. Anajua pia kuwa kuondoa mguu ni kitendo kizito sawa na kukanyaga: ukiachia mafuta yote mara moja, uzito wa gari hukimbilia mbele, nyuma ikabaki nyepesi pale ilipohitaji uzito kuliko wakati wowote. Porsche 911, ambayo injini yake inaning'inia nyuma ya ekseli, imewafundisha wengi somo hilo kwa ukali.

Sijui mfano ulio bora kuliko wa Jackie Stewart, dereva wa mbio za magari. Tarehe 4 Agosti 1968, huko Nürburgring nchini Ujerumani, mvua ilinyesha na ukungu ukafunika barabara ya karibu kilomita 23 inayopindapinda msituni. Mskoti huyo alikuwa na kifundo cha mkono kilichoumia, na gari lake la Matra lilikuwa na injini ya lita 3 iliyopeleka nguvu zote nyuma. Alimwacha Graham Hill, aliyeshika nafasi ya pili, kwa zaidi ya dakika 4. Miaka miwili kabla ya hapo, mvua ilimtupa nje ya barabara kule Spa, Ubelgiji, akanaswa ndani ya gari huku petroli ikimlowesha, na tangu siku hiyo akawa mpiganaji mkubwa wa usalama wa mbio za magari. Sioni mgongano wowote kati ya ufundi huo na vita hivyo vya usalama. Baadaye aliwafundisha madereva kwa bakuli lililofungwa juu ya boneti na mpira ndani yake: endesha, mpira usitoke.

Mguu peke yake hautoshi, macho nayo yana kazi. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo ya hila zaidi, kwa kuwa huchanganyika na mafuta na vumbi la miezi kadhaa. Kwenye milima kama Kitonga nchini Tanzania, dizeli iliyomwagwa na malori huacha rangi za upinde wa mvua kwenye kona. Mistari iliyopakwa rangi huteleza, na vifuniko vya chuma pia. Malori yakishachimba mifereji miwili kwenye lami, maji hutuama humo, kwa hiyo heri upitishe magurudumu kando yake. Watafiti wa NASA, wakichunguza matairi ya ndege, walionyesha kuwa upepo wa tairi ndio unaoamua kwa kiasi kikubwa ni mwendo gani litaanza kuelea juu ya maji. Kwa tairi la gari lenye upepo wa psi 32, kanuni yao inatoa karibu kilomita 95 kwa saa, pale maji yanapozidi uwezo wa mifereji ya tairi kuyatoa. Tairi jipya lina mifereji ya takriban milimita 8, na sheria za Ulaya huruhusu hadi 1.6. Mwenye gari la spoti asisubiri kufika huko, kwa sababu matairi yake mapana huelea mapema.

Afrika Mashariki tunayo historia yetu katika jambo hili. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953, kwa miaka mingi ilifanyika Pasaka, wakati wa masika, na Datsun 240Z ya kusukuma nyuma iliishinda mwaka 1971 ikiwa na Edgar Herrmann na mwaka 1973 ikiwa na Shekhar Mehta. Wakati Audi quattro ilipokuwa imeshabadilisha mchezo Ulaya, Toyota Celica ya turbo, iliyosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, ilichukua Safari mwaka 1984, 1985 na 1986. Uimara wa gari ulichangia, bila shaka, lakini mtu hapiti kwenye tope la masika kwa uimara pekee. Na magurudumu manne yanayosukuma husaidia kuondoka, hayasaidii kusimama. Hata mfumo wa kielektroniki wa kulituliza gari, ulioingia sokoni mwaka 1995, hugawa mshiko uliopo bila kuongeza hata chembe.

Anayetaka ufundi huu atafute kiwanja kipana, kitupu, kilicholowa, kwa ruhusa ya mwenyewe, na mwalimu pembeni. Gia ya pili, mwendo mdogo, usukani umepinda, kisha mafuta yaongezwe taratibu hadi mkia uanze kutoka. Kiuno kitapata habari kabla ya macho. Macho yatazame unakotaka kwenda, usukani uelekezwe upande ulikokwenda mkia, mguu urudi nusu bila kutoka wote. Halafu rudia sehemu ambayo wengi huiruka: mkia ukianza kurudi, mikono iunyooshe usukani papo hapo, kabla gari halijakaa sawa, kwa sababu mara nyingi si mteleko wa kwanza unaolitupa gari mtaroni, ni ule wa pili, wa upande mwingine.