Kizuri Kinapojitembeza

Wahenga wetu walituachia msemo usemao kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa miaka mingi niliuamini msemo huu bila kuuhoji, na nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu niliutumia kama fimbo. Katika insha hii nakusudia kuuhakiki kwa kuyatazama maisha na kazi za mwandishi mmoja wa Uingereza, Charles Dickens, ambaye kila mwalimu wa rika langu amewahi kukutana naye darasani. Hata hivyo, sina budi kuanza na kosa langu mwenyewe, kwa maana ndilo lililonifanya nimsome upya mwandishi huyo uzeeni.

Mwaka 1994 mkufunzi mmoja wa somo la Kiswahili aliingia ofisini kwangu akiwa na boksi begani. Ndani yake mlikuwa na riwaya fupi aliyoiandika usiku kwa usiku, kisha akaichapisha kwa fedha za mkopo. Aliomba nimpe dakika kumi asubuhi, wanachuo wakiwa wamekusanyika, awaeleze habari za kitabu chake na kuwauzia wale wenye uwezo. Nilimtazama yeye, nikalitazama boksi, nikamwambia, "Mwalimu, kizuri chajiuza." Akasema, "Ahsante, Mkuu," akalibeba boksi lake na kutoka. Sikununua hata nakala moja, wala sikuufungua ukurasa wa kwanza.

Mkufunzi huyo baadaye aliacha kazi. Mwaka 2003 nilikutana naye katika stendi ya mabasi, amekaa kivulini, boksi liko miguuni. "Shikamoo, Mkuu," alisema kwa heshima ileile. Aliniambia kwamba kwa miaka yote ile amekuwa akizunguka shule hadi shule, wilaya hadi wilaya, na kwamba sasa zimebaki nakala mia moja na ushei. Nikamwuliza kuhusu riwaya ya pili, kwa kuwa niliwahi kusikia kwamba ameianza. Akajibu, "Nitaiandika, Mkuu, nikishamaliza kuiuza hii."

Nilinunua nakala moja, pengine kwa haya zaidi kuliko kwa hamu, nikaisoma usiku uleule. Ilikuwa nzuri. Inahusu mtu anayevusha abiria mtoni kwa mtumbwi, ambaye serikali inapojenga daraja hana tena kazi. Mwandishi hakulifanya daraja kuwa adui, na hakumfanya mvushaji kuwa shujaa. Alituonyesha mtu anayelipita daraja lenyewe kila asubuhi kwenda kuutazama mtumbwi wake. Kasoro yake ni sura ya mwisho, ambayo ina haraka na mahubiri mengi kuliko matendo. Ni kasoro ya mwandishi wa kitabu cha kwanza, aina ya kasoro ambayo hurekebishwa katika kitabu cha pili.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Dickens.

Msomaji anaweza kushangaa. Kuna uhusiano gani kati ya mkufunzi wa Kiswahili mwenye boksi na mwandishi aliyekuwa maarufu kuliko wote katika Uingereza ya karne ya 19? Uhusiano upo, kwa sababu Dickens naye alijitembeza. Tarehe 29 Aprili 1858, katika Ukumbi wa St Martin's jijini London, alianza kusoma vitabu vyake hadharani kwa malipo. Kabla ya hapo alikuwa amesoma kwa ajili ya hisani tu. Kuanzia siku hiyo hadi alipofariki alipanda jukwaani mamia ya mara. Alisoma vipande alivyovitengeneza kutoka katika A Christmas Carol, David Copperfield na vitabu vinginevyo, akiiga sauti za wahusika wake mmoja mmoja. Watu walicheka, walilia na walizimia.

Wako wanaosema kwamba alifanya hivyo kwa tamaa. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Alikuwa na watoto wengi, alikuwa ametengana na mkewe mwaka uleule wa 1858, na alikuwa na nyumba kubwa ya Gad's Hill ya kuitunza. Aidha, tusisahau kwamba kumbi zake zilikuwa na viti vya shilingi moja kwa watu wa kipato kidogo. Mtu asiyeweza kununua kitabu aliweza kukisikia kutoka kinywani mwa aliyekiandika. Hilo si jambo la kubeza, hasa kwetu sisi ambao fasihi yetu ilitoka kinywani kabla ya kuingia kwenye karatasi.

Zaidi ya hayo, kwa miaka kadhaa Dickens alifaulu kuzibeba kazi zote mbili. Ukizipanga tarehe za vitabu vyake kando ya tarehe za ziara zake, utaona jambo la kufundisha. Alipokuwa akiandika Great Expectations, kuanzia mwishoni mwa mwaka 1860 hadi katikati ya 1861, hakuzunguka mikoani. Alisoma mara chache tu palepale London. Alipokwisha kukiandika ndipo alipofunga safari ya miezi kadhaa. Vivyo hivyo, wakati wa kuandika Our Mutual Friend, kilichotoka kwa sehemu kati ya mwaka 1864 na 1865, aliziacha ziara. Aliishi kama mkulima anayejua kwamba kuna majira ya kupanda na majira ya kupeleka mazao sokoni, na kwamba mvua zikianza huachi jembe ukaenda gulioni. Matunda yake tunayo. Kwa maoni yangu, Great Expectations ndiyo riwaya yake iliyokomaa kuliko zote, nayo iliandikwa ndani ya miaka ya kujitembeza.

Kwa hiyo msemo wa wahenga, ukichukuliwa kama sheria, haufui dafu mbele ya ushahidi huu. Kizuri nacho hujitembeza.

Lakini kisa hakiishii hapo. Mwezi Juni 1865 treni aliyopanda Dickens ilipata ajali huko Staplehurst. Mabehewa yalianguka, na la kwake likabaki linaning'inia. Baada ya kuwasaidia majeruhi alikumbuka kwamba sehemu ya muswada wa Our Mutual Friend ilikuwa imebaki ndani, akarudi katika behewa lile kuichukua. Huyo ni mwandishi ambaye karatasi zisizochapishwa bado ni mali yake kuu. Mkumbuke, kwani nitamlinganisha na mtu mwingine mwenye jina hilohilo.

Baada ya riwaya hiyo kukamilika mwaka 1865, majira yalichanganyika. Alizunguka Uingereza mwaka 1866 na 1867. Mwezi Desemba 1867 alianza kusoma Boston, Marekani, na hadi Aprili 1868 alikuwa amesoma mara 76. Alirudi na faida ya takriban paundi 19,000, na mwili uliochakaa kwa mafua na kukosa usingizi. Hata hivyo, mwezi Oktoba mwaka huohuo alianza ziara ya kuaga. Mwezi Aprili 1869, akiwa Preston, daktari wake alimsimamisha kwa nguvu. Alipumzika, kisha mwanzoni mwa mwaka 1870 akarudi jukwaani London kwa mara 12 za mwisho. Alimaliza tarehe 15 Machi. Tarehe 9 Juni alifariki, akiwa na umri wa miaka 58.

Kati ya Our Mutual Friend na sehemu ya kwanza ya riwaya iliyofuata, The Mystery of Edwin Drood, ilipita zaidi ya miaka minne. Drood ilikusudiwa kuwa na sehemu 12. Aliandika sita.

Baadhi ya wahakiki huona Drood kuwa kazi ya mtu aliyechoka. Nimeisoma mara mbili, na siioni hivyo. Sura ya kwanza inaanza ndani ya kichwa cha mtu aliyelewa kasumba, anayeuona mnara wa kanisa kuu mahali ambapo haupo. Hatuambiwi kwamba ni ndoto. Tunaachwa tuzinduke pamoja naye, na tunapozinduka tunamfuata hadi kanisani, ambako ni kiongozi wa kwaya. Katika kurasa chache tumekwisha kujua kwamba mtu huyu ana nyuso mbili. Mwandishi aliyefanya hivyo hakuwa ameishiwa na kipaji. Alikuwa ameishiwa na siku, na hilo ndilo linalonihuzunisha.

Je, jukwaa lilimwibia nini hasa? Jibu jepesi ni muda. Mimi nadhani lilimwibia kitu kikubwa zaidi. Katika miaka ile ya mwisho kipande alichokipenda kuliko vyote ni mauaji ya Nancy, kutoka katika Oliver Twist, riwaya aliyoianza mwaka 1837. Jioni baada ya jioni alimwua upya mwanamke ambaye alikwisha kumwua kwenye karatasi miaka 30 iliyotangulia. Daktari alimpima mapigo ya moyo, yakawa yanapanda kutoka 72 hadi kupita 110. Mwandishi aliye mezani hujitaabisha leo, na malipo yake huja baadaye, au yasije kabisa. Jukwaani malipo huja palepale, tena kwa kazi iliyokwisha kufanywa zamani. Anayeizoea ladha hiyo huona meza kuwa mahali pa upweke na ukavu. Yule aliyeingia katika behewa linaloning'inia ili kuokoa kurasa mpya ndiye huyuhuyu aliyeyahatarisha maisha yake kwa ajili ya kurasa za zamani.

Sisi huku tunao mfano wa upande wa pili. Shaaban Robert alifanya kazi za ukarani serikalini na kuandika katika saa zilizobaki. Alipofariki mwaka 1962 baadhi ya vitabu vyake muhimu vilikuwa havijatoka. Kufikirika ilitoka mwaka 1967, na Utubora Mkulima mwaka 1968. Kazi ilikuwepo, soko ndilo lililochelewa. Lakini kwa sababu ilikwisha kuandikwa, ilisubiri. Kitabu kilichoandikwa kinaweza kumsubiri msomaji hata baada ya mwandishi kuzikwa, ila msomaji hawezi kukisubiri kitabu ambacho hakikuandikwa.

Hata hivyo, nisije nikaonekana kuwashauri waandishi wajifungie. Mimi mwenyewe nilianza kumsoma Abdulrazak Gurnah baada ya kusikia kishindo cha Tuzo ya Nobeli aliyopewa mwaka 2021, ingawa alikuwa ameandika kwa miongo kadhaa. Mwaka 2022 ilitoka Peponi, tafsiri ya Kiswahili iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, nikainunua. Bila kishindo kile ningekufa sijamjua mwana wa Unguja. Kelele zina kazi yake. Swali ni nani azipige, na kwa muda gani.

Hapa narudi kwenye stendi ya mabasi. Dickens alikuwa na uwezo wa kuyatenga majira yake. Alikuwa na mawakala wa kumwandalia kumbi, na alipoamua kuyachanganya, alichagua mwenyewe. Mkufunzi wangu hakuwa na uchaguzi huo. Alikuwa na deni, boksi moja na miguu miwili. Majira yake ya sokoni yalirefushwa na watu wengine, na mmoja wao ni mimi. Asubuhi ile ya mwaka 1994 nilikuwa na wanachuo zaidi ya mia tatu mbele yangu, walimu watarajiwa, ambao wangekibeba kitabu kile hadi katika shule za mikoa yote. Nilichoombwa ni dakika kumi. Niliponyima dakika hizo sikumfundisha kuheshimu kalamu, kama nilivyojidanganya. Nilimwongezea miaka ya barabarani.

Alifariki mwaka 2011. Riwaya ya pili haikupatikana.

Basi hukumu yangu juu ya msemo wa wahenga ni hii. Kizuri hakijiuzi. Huuzwa, ama na mwenyewe ama na wengine. Kila saa ambayo wengine wanakataa kuitoa, mwandishi huitoa mezani pake. Mwandishi anao wajibu wa kufunga soko mvua zinapoanza, hata kama boksi halijaisha. Lakini mwalimu mkuu, mkutubi, mwenye duka na msomaji aliyefurahi nao wana wajibu wa kulifupisha soko hilo. Kumwambia mwandishi akae akaandike, huku tukimfungia milango yetu, ni unafiki.

Leo nami nina boksi uvunguni. Kitabu hiki nimekichapisha kwa kiinua mgongo changu, na mjukuu wangu ananihimiza nikitangaze kila mahali. Nimemwambia kwamba nitakitembeza kwa miezi mitatu, Juni hadi Agosti, kisha nitarudi mezani, kwani nina umri wa miaka 75 na yapo mambo sijayaandika. Nakala zitakazobaki nitazigawa katika maktaba za shule. Ile riwaya ya mtumbwi na daraja ninayo bado. Nimeipeleka kwa mpiga chapa pamoja na ridhaa ya familia, nami nitaibeba katika boksi hilohilo, kando ya kitabu changu. Nikibisha hodi ofisini kwa mkuu wa chuo yeyote, nitaomba dakika kumi, na dakika tano za kwanza zitakuwa zake.