Hongera, Kigoda cha Mwalimu

Kigoda ni kiti kifupi: ukikikalia, huwezi kumtazama mtu kwa juu. Ndilo jina la Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Taaluma za Umajumui wa Afrika, kilichoanzishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2008, Profesa Issa Shivji akiwa wa kwanza kukikalia.

Aprili 2009, mwezi aliozaliwa Mwalimu, wiki ya kwanza ya tamasha la Kigoda ilimleta Wole Soyinka, mshindi wa Nobel ya fasihi. Mwaka uliofuata akaja mchumi Samir Amin. Baadaye Profesa Penina Mlama, bingwa wa tamthilia, akapokea kijiti cha Kigoda kutoka kwa Shivji.

Raha ya wiki ile ni mchanganyiko wake. Ndani ya Ukumbi wa Nkrumah mhadhara, mjadala, ngoma na ushairi vyote vina nafasi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, daftari gotini, anasimama kumbana profesa kwa swali; ukumbi unaguna, kisha unapiga makofi.

Hapo chuo hakitoi shahada, kinatoa fikra, tena mlango ukiwa wazi. Hongereni waasisi na waendelezaji. Kigoda kisikose mkaaji!