Kuwasha Kiini

Kando ya reli ya Namuwongo watoto hupokezana muwa mmoja: huyu anauma, yule anatafuna, na mate yanahama pamoja na utamu. Mate ndiyo njia kuu ya kirusi cha Epstein-Barr, na watoto wengi wa Uganda wanacho kabla hawajatimiza miaka mitatu. Wengi hawatajua maisha yao yote. Wachache mno huota uvimbe wa taya, ule ambao daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Denis Burkitt, aliuelezea mwaka 1958. Vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi walichokiona humo.

Lakini kukiona si kujua kinafanya nini ndani ya seli. Hilo lilihitaji ustadi mwingine, nao ndio ninaousifu hapa: ustadi wa kutumia kingamwili, protini ambazo mwili hutengeneza kukamata vimelea.

Tazama walivyofanya watafiti Reedman na George Klein huko Stockholm mwaka 1973. Walikuwa na seli za Raji, zilizotokana na uvimbe wa mtoto wa Nigeria, seli zenye DNA ya kirusi lakini zisizozalisha virusi. Wakazikausha juu ya kioo, wakazimwagia seramu ya watu waliokwisha kuambukizwa, yenye kingamwili zao. Kwa njia ya kawaida mwanga ulikuwa hafifu mno, basi wakaongeza komplimenti, protini za damu zinazojikusanya penye kingamwili, kisha kingamwili nyingine yenye rangi ya kung'aa, ya kuikamata komplimenti hiyo. Tabaka juu ya tabaka, na katikati yake kuosha, kuosha tena. Kiini cha seli kikang'aa. Kirusi kilichodhaniwa kimelala kilikuwa na protini kazini, na aliyetengeneza chombo cha kuzifichua ni mwili wa mwanadamu aliyeambukizwa. Maabara iliongeza komplimenti na rangi tu.

Kati ya protini hizo imo EBNA1. Ukiikamata kwa kingamwili, unaivuta pamoja na kipande cha DNA inachokishikilia, kisha unakisoma. Ndivyo inavyothibitika kwamba hushika mahali maalumu pa kuanzia kunakili DNA ya kirusi. Kazi hiyo huiachia mitambo ya seli yenyewe, mara moja tu kila seli inapojiandaa kugawanyika. Halafu huifunga DNA ya kirusi kwenye kromosomu, kama mzigo uliokazwa kwa mpira nyuma ya bodaboda, isiachwe njiani. Kirusi kikiamka mambo hubadilika: hutumia kimeng'enya chake cha kunakili, na kingamwili dhidi ya protini ya BMRF1 huonyesha vyumba vya kazi hiyo ndani ya kiini.

Mimi lakini humpima fundi kwa kioo kisichong'aa. Kingamwili hudanganya, hujibandika hata pasipo pake. Kwa hiyo kando ya seli zenye kirusi huwekwa seli zisizo nacho, na hizo nazo zikiwaka, kazi ya siku nzima inamwagwa. Picha ya kijani ya kupendeza isiyo na mwenzake mweusi hainishawishi, hata iwe imechapishwa wapi.

EBNA1 hupatikana karibu katika kila uvimbe utokanao na kirusi hiki, ndiyo maana watafiti wanatafuta dawa ya kuifanya iachie DNA. Kama imeachia au la, kingamwili ndizo zinazoulizwa.