Nani Asema, Nani Aona? Mtazamo katika Riwaya na Ufundishaji Wake

Neno "mtazamo" latumika katika mafunzo ya fasihi kwa maana mbili ambazo aghalabu huchanganywa. Maana ya kwanza ni msimamo wa mwandishi juu ya maisha na jamii. Ya pili ni mahali anapowekwa msomaji ili ayaone matukio: atazama kwa macho ya nani, ajua kiasi gani, na kipi kimefichwa asikione. Makala haya yanahusu maana ya pili. Yanakusudia kuonyesha kwamba mwanafunzi asiyeimudu hawezi kuieleza kwa haki hata ile ya kwanza, kwani atamtwisha mwandishi maneno ya wahusika wake.

Katika madarasa mengi suala hili humalizwa kwa swali moja: je, hadithi imesimuliwa kwa nafsi gani? Mwanafunzi hujibu "ya kwanza" au "ya tatu", akapewa alama yake, na somo likasonga mbele. Jibu hilo si kosa, ila ni jibu la sarufi. Nafsi yatuambia ni nani asemaye. Haituambii ni nani aonaye, wala anaona kwa manufaa ya nani.

Tuchukue Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi. Msimulizi ni Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, ambaye mwisho wake ni kujiua. Msomaji asiye mwangalifu huyasoma maneno yake makali, kisha akahukumu kwamba Kezilahabi anaamini maisha hayana maana. Huenda mwandishi aliamini hivyo, huenda hakuamini. Lakini riwaya haikulisema hilo kwa kinywa chake. Iliyolifanya ni kutufungia ndani ya fikira za kijana mmoja msomi, asiyekaa vizuri tena na watu wa kwao. Wazazi, wanawake na wanakijiji tunawaona kupitia kwake tu. Swali la mhakiki basi ni hili: wangalionekanaje kama wangalitazamwa na mtu mwingine? Kazimoto ana haki ya kukata tamaa; hana haki ya kuaminiwa katika kila alisemalo juu ya wenziwe.

Nafsi ya tatu nayo ina mitego yake. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) ya Adam Shafi, msimulizi yuko nje ya hadithi. Hata hivyo, ndani ya nafsi hiyo moja mna macho ya watu kadhaa. Kuna macho ya Fuad, mwenye mashamba. Kuna macho ya Kijakazi, mtumishi wake, anayeuona utumishi huo kuwa ndiyo kawaida ya ulimwengu. Na kuna macho ya msimulizi, ajuaye kwamba Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yanakuja, na ambaye hana shaka upande wenye haki ni upi. Uzito wa kitabu umo katika umbali baina ya macho ya Kijakazi na ya msimulizi. Mwanzoni msomaji auona udhalimu ambao mwenye kudhulumiwa hauoni. Baadaye umbali huo wapungua. Hata majina yana mtazamo ndani yake. "Kijakazi" ni mjakazi aliyepunguzwa kwa kiambishi ki-, na "Mwinyi" ni heshima itolewayo na anayetazama kutoka chini. Anwani ya kitabu imekwisha kumpa Fuad cheo ambacho hadithi yenyewe inakuja kumvua.

Mifano hii yatuonyesha kwamba mtazamo haukai katika nafsi peke yake. Kiswahili kina vyombo vingi vya kuudhihirisha, na ni ajabu kwamba havifundishwi kwa nia hiyo. Kusema "mgeni alikuja nyumbani" ni kuliweka jicho ndani ya nyumba. Kusema "mgeni alikwenda nyumbani" ni kuliweka kwingine. Baina ya "huyu" na "yule" mna umbali, nao wapimwa kutoka kwa mtu fulani. Neno "eti" laonyesha kwamba msemaji hakubali kuyabeba maneno anayoyasimulia. Tena liko neno "kumbe". Tukiambiwa, "Akalifungua sanduku; kumbe lilikuwa tupu," hatuna budi kuuliza mshangao huo ni wa nani. Msimulizi ajuaye yote hashangai. Ama amejiingiza ndani ya yule alifunguaye sanduku, ama anajifanya hajui ili ashangae pamoja na wasikilizaji, kama wafanyavyo watambaji wa ngano. Neno moja, basi, lafungua mlango wa uhakiki mzima.

Suala hili si la ufundi mtupu. James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa (1934), alikuwa mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru, na makao yake yalikuwa Freretown, karibu na Mombasa. Mtu angetazamia kitabu hicho kituonyeshe utumwa na uhuru kwa macho ya watumwa wenyewe. Mara nyingi chafanya hivyo. Lakini kinapofika kwa wakombozi, jicho lahama. Waingereza wasifiwa bila kuulizwa walikuwa na haja gani nyingine katika pwani hii, na lawama zawashukia Waarabu. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza nafsi tu atakichukua kitabu hiki kama historia isiyo na upande. Aliyezoea kuuliza ni nani aonaye, na amesimama wapi, atatambua kwamba mtu aweza kusema kwa kinywa chake mwenyewe huku akitazama kwa macho aliyoazimwa.

Basi mwalimu afanyeje? Kwanza, achague ukurasa mmoja tu, wanafunzi wapige mstari chini ya kila neno la aina tuliyoitaja, na waulizwe neno hilo ni la nani. Pili, waorodheshe mambo asiyoyajua kila mhusika katika ukurasa huo, maana mtazamo hujulikana zaidi kwa mipaka yake. Tatu, wausimulie ukurasa upya kwa macho ya mhusika mwingine, kwa sharti kwamba asitaje asichoweza kukijua. Zoezi hili la tatu si geni shuleni, ila mara nyingi huharibiwa kwa kuridhika na mwanafunzi aliyebadilisha "alimwona" kuwa "nilimwona" na kuyaacha mengine kama yalivyokuwa. Huyo amebadili viambishi; hajabadili macho.

Huenda ikasemwa kwamba njia hii yatukuza fani na kuyasahau maudhui. Sivyo. Hatuwezi kujua riwaya yasema nini juu ya mnyonge mpaka tujue kama mnyonge huyo aliachiwa aone au alitazamwa tu. Mwanafunzi atakayelielewa hili atalichukua nje ya darasa: atakaposoma gazeti au kusikiliza hotuba, atauliza ni nani anayeliona jambo hili hivi, na ni nani ambaye hakuulizwa.