Neno Omukama Lihifadhiwe Wapi? Maoni ya Watumiaji kuhusu Excel, Toolbox na FLEx

Mjadala wa wanaisimu kuhusu programu za kuhifadhi data za lugha aghalabu huishia katika swali moja: ipi ni rahisi kutumia? Kigezo hicho kina uzito, lakini hakitoshi. Kikerewe, lugha ya visiwa vya Ukerewe mkoani Mwanza, kinadhihirisha kwamba urahisi kwa mkusanyaji wa leo waweza kuwa hasara kwa msomaji wa kesho.

Chukulia nomino omukama ‘mtawala’ na wingi wake abakama. Wanaopendelea Excel hudai kuwa programu hiyo inafahamika na haihitaji mafunzo marefu. Dai hilo ni la kweli. Hata hivyo, jedwali likipangwa kialfabeti, omukama huangukia herufi o na abakama herufi a. Safu ya mzizi yaweza kuongezwa, ila uhusiano wa maumbo hayo hutegemea uangalifu wa mtafiti.

Watetezi wa Toolbox, programu ya SIL, husifu faili zake. Hizo ni matini ya kawaida yenye alama kama \lx kwa kidahizo na \ps kwa aina ya neno, nazo hufunguka katika programu yoyote ya kuandikia. Udhaifu wake umo katika uhuru huohuo: ngeli moja ikiandikwa kwa vifupisho viwili tofauti, utafutaji huleta nusu ya data.

FLEx, nayo ya SIL, huziba pengo hilo. Mzizi -kama huingizwa mara moja, viambishi vyake vikaorodheshwa kivyake, na kategoria huchaguliwa katika orodha moja. Watumiaji wake husifu uthabiti huo. Wakosoaji hulalamikia ugumu wa kujifunza na uzito wake katika kompyuta dhaifu. Lalamiko zito zaidi ni kwamba programu humtaka mtafiti aamue uchanganuzi mapema. Kwa lugha ya toni kama Kikerewe, hoja hiyo haipuuziki: uamuzi wa haraka huweza kuficha kisichoeleweka bado. Ndiyo maana ELAN, inayoambatanisha maandishi na kipande mahususi cha sauti, haipaswi kuhesabiwa kuwa mshindani wa FLEx bali mwenzake.

Kwa hiyo, maoni haya hayapingani kama yanavyoonekana. Mtumiaji wa Excel anazungumzia kuanza kazi, wa FLEx anazungumzia kuchanganua, na wa Toolbox anazungumzia kudumu. Kosa la ulinganishi uliozoeleka ni kuyapima yote kwa mizani moja.

Suala la kudumu si la kinadharia Ukerewe. Aniceti Kitereza alikamilisha riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, lakini ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, na Tanzania Publishing House. Kwa miaka 35 hiyo, mswada wa Kikerewe ulihitaji mtu ajuaye kusoma tu, si programu wala toleo lake.

Data za kidijitali zipimwe kwa kipimo hicho. FLEx inafaa kwa uchanganuzi, mradi kila hatua iambatane na nakala ya matini ya kawaida na rekodi za sauti. Programu ambayo faili zake hazitasomeka Nansio baada ya miaka 35 haijahifadhi Kikerewe. Imehifadhi kazi ya mtafiti kwa muda tu.